Maagizo Niliyompa Mama Kwenda Osaka

Sijawahi kufika Japani. Naliweka hilo mbele kwa sababu kwa miaka minne nilikula kwa kuwaeleza watu namna ya kutembea huko.

Kazi hiyo niliipata nikikaa Kahawa Wendani, mwaka wangu wa mwisho chuoni, katika hosteli ambayo dirisha la chumba changu lilitazama tangi la maji la ploti ya jirani. Mtu wa ng'ambo, ambaye mpaka leo sijasikia sauti yake, alikuwa na tovuti ya wasafiri na alitaka makala kila wiki. Wenzangu wa hosteli waliwaandikia wanafunzi wa mbali insha zao za darasani. Mimi nikaangukia miji ya Japani. Nilisoma walichoandika waliofika, nikatazama video zao, nikatembeza kidole kwenye ramani ya simu barabara kwa barabara mpaka nikajua duka la mikate liko upande gani wa stesheni. Halafu naandika kama mtu aliyerudi juzi. Ukifika kwa mara ya kwanza, nunua kadi ya treni palepale uwanja wa ndege. Vua viatu mlangoni. Usimwachie mhudumu hela ya shukrani, atakukimbilia barabarani akurudishie. Tembea na mfuko wa taka zako, maana mapipa hayaonekani. Kwenye ngazi za umeme watu wa Tokyo husimama kushoto, wa Osaka husimama kulia.

Nilipomaliza chuo sikupata kazi nyingine. Nikahamia Ruiru, chumba kimoja na jikoni, orofa ya tatu, na Japani ikahama pamoja nami.

Mama hakuelewa vizuri ninachofanya, lakini alikipenda. Nyumbani kwetu ni Ngoingwa, Thika. Kabla ya kustaafu alikuwa amekata mananasi kwa zaidi ya miaka ishirini katika kiwanda kimoja kule Eneo la Viwanda, akisimama kutwa na glavu zilizotoboka. Wanawake wa kanisa wakimuuliza kijana wake anafanya nini Ruiru, aliwajibu, "Huyo ni mtu wa Japani." Na dada yangu mdogo, kitinda mimba wetu, alipopata nafasi ya kwenda Osaka kuhudumia wazee, mama aliamini ni mimi niliyemfungulia njia. Ukweli ni kwamba msichana alijifunza lugha mwenyewe mwaka mzima na akapita mtihani mwenyewe. Mimi nilimpa tu makala zangu asome. Alizisoma, akacheka, akasema, "Umeandika poa, brathe."

Mwaka wake wa pili huko alishika mimba. Baba wa mtoto, kijana wa hukohuko, alikuwa ameshaondoka tumbo halijaonekana. Hilo alituambia mara moja tu, na akatuomba tusilirudie. Alipofika mwezi wa sita daktari alimkataza kuinua wagonjwa kazini, na jioni moja alimpigia mama akalia. Hakuomba kitu. Ni mama aliyesema, "Nitakuja." Dada akakata tiketi, akatuma barua za viza, na mama, ambaye safari yake ndefu kabla ya hapo ilikuwa Mombasa kwa mkutano wa akina mama, akaanza kujitayarisha.

Aliniita Ngoingwa, akaweka daftari la kurasa thelathini na mbili mezani.

"Andika yote," alisema. "Kwa herufi kubwa. Yale unawaandikia wazungu, niandikie mimi."

Niliandika Jumamosi nzima. Nilimwandikia namna ya kupita ukaguzi, namna ya kusalimu kwa kuinama, asipenge kamasi mbele za watu, asile akitembea, asiongee na simu ndani ya treni. Baada ya chakula tulifanya mazoezi sebuleni. Nilimpa penseli mbili ziwe vijiti vya kulia, aokote githeri, mahindi na maharagwe, punje kwa punje kutoka kwenye sahani, akawa anaziangusha, anacheka mpaka anashika mbavu. Nilimfundisha kuinama. Nilimfundisha kusema asante. Sikumbuki siku nyingine ambayo nilijiona mtu wa maana kiasi hicho mbele ya mama yangu.

"Na nikipotea?" aliuliza.

"Huwezi kupotea, mum. Jiji lenyewe lina treni inayozunguka. Ukipita stesheni yako, kaa tu. Itarudi."

Hata hilo aliniambia niliandike.

Tulimsindikiza uwanja wa ndege, mimi na mchungaji na mkewe. Mpango ulikuwa rahisi: dada angempokea Osaka mlangoni. Mama alikuwa na simu niliyoiwekea intaneti ya huko, begi kubwa la unga na majani ya mchicha wa terere yaliyokaushwa, na daftari ndani ya mkoba.

Asubuhi iliyofuata, mama akiwa bado angani baada ya kubadilisha ndege, dada aliniandikia ujumbe. Alikuwa ameamka akivuja damu. Gari la wagonjwa limemchukua, amelazwa, haruhusiwi kuinuka hata kwenda choo. Nilimpigia. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepewa dawa.

"Nani atampokea mum?" nilimuuliza.

"Wenzangu wote wako zamu. Kuna teksi... ama treni. Sijui. Fanya vile unaona."

Niliona treni. Nakiri hapa kwamba hakuna aliyenisukuma. Teksi kutoka uwanja ule hadi mjini ni safari ndefu, na kichwani mwangu nikamwona mama na dereva asiyesikia neno lake, wakipelekana hospitali isiyokuwa yetu. Lakini treni niliijua! Niliwahi kuieleza mara nyingi mno: inaondoka kando ya jengo la uwanja wa ndege, inakwenda moja kwa moja, na inaingia kwenye ile reli inayozunguka jiji. Stesheni ya kushuka ilikuwa palepale inapoingia, na hospitali ilikuwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Niliichora njia yote, nikaipiga picha, nikamtumia mama ili aikute atakapowasha simu.

Ndege ilitua saa tano asubuhi, saa zetu, kule ikiwa jioni. Saa sita hakuwa amepiga. Saa sita u nusu, kimya. Nilikuwa nimemwambia ukaguzi ni dakika moja tu: unaweka vidole viwili kwenye mashine, unatazama kamera, unapita. Sikuwa nimefikiria vidole vya mama. Maji ya nanasi yanakula ngozi, na mtu aliyekata mananasi miaka yote hiyo ncha za vidole vyake ni laini kama nyuma ya kijiko. Mashine haikuona kitu. Wakamfuta vidole kwa kitambaa, wakajaribu tena, wakajaribu tena, kisha wakampeleka kwenye chumba cha pembeni wakamkalisha kwenye kiti. Alikaa humo zaidi ya saa nzima bila kujua kosa lake. Aliniambia baadaye kwamba alifungua daftari langu akatafuta ukurasa wa jambo hilo, hakuuona.

Walimruhusu mwishowe. Saa saba kasoro simu yangu ikalia.

"Nimetoka," alisema, akihema. "Hayuko. Nimemwangalia kila mahali, hayuko."

Ikabidi nimwambie. Nilijaribu kuanza polepole, lakini mama hakuwa mtu wa kuanziwa polepole.

"Yuko hospitali? Mtoto yuko sawa?"

"Wanamwangalia, mum. Hajambo. Sasa nisikilize mimi."

Alinisikiliza. Hatua kwa hatua, mimi nimesimama katikati ya chumba changu Ruiru na kompyuta imefunguka kwenye ramani, nilimvusha daraja, nikamfikisha kwenye mashine ya kadi, nikamwonyesha rangi ya kibao cha kufuata. Alinionyesha treni kwa kamera. Ilikuwa yenyewe. Nilihisi kama ninaiendesha.

"Ingia. Ukishakaa hesabu dakika hamsini, halafu anza kutazama vibao. Jina nimekuandikia."

"Sawa, baba. Ngai akubariki," alisema, na akakata simu.

Baada ya dakika hamsini nilimpigia. Simu iliita, haikushikwa. Nilipiga tena. Niliandika ujumbe: *Umeshuka?* Zikatokea zile alama mbili za kijivu zinazoonyesha kwamba ujumbe umefika. Hazikugeuka rangi. Niliandika mwingine, na mwingine, na zote zikapanga foleni pale na alama zake za kijivu, zimefika, hazijasomwa. Dada naye alikuwa ananiuliza kutoka kitandani: *Amefika wapi?* Nilimjibu: *Yuko karibu.* Sikujua ninachosema.

Sijui kama umewahi kuijua njia ambayo mtu wako amepotelea, ukaijua kila kituo chake, na usiweze kuweka mguu hata mmoja juu yake. Niliweza kutaja stesheni zote za mzunguko ule kwa mfuatano bila kutazama. Nilishaandika mara nyingi kwamba stesheni ile ina vyoo safi, na ile ina tambi za supu orofa ya chini. Nilitafuta namba ya ofisi ya treni nikapiga. Sauti ya mashine ikaongea Kijapani kirefu, nikabonyeza moja, nikabonyeza mbili, ikakatika. Nikampigia mchungaji Thika nimwombe aombe. Aliuliza, "Lakini si wewe unapajua huko?" Nikamwambia ndiyo, napajua.

Nilishuka ngazi mpaka chini, nikapanda tena. Mama mboga anayeuza kwenye lango la ploti yetu aliniuliza kama nimefiwa. Nilimwambia mama yangu amepotea Japani. Akasogeza mkungu wa ndizi pembeni, akaniambia niketi. Nikaketi pale, juu ya kreti, nikipiga simu isiyoshikwa, naye akaendelea kukata sukuma wiki. Wateja walikuja wakaondoka. Ilifika saa tisa.

Saa tisa na nusu simu ilitetemeka mkononi. Ilikuwa simu ya mama, lakini sura iliyojaa kwenye kioo ilikuwa ya mwanamume wa makamo mwenye kofia ya kazi na glavu nyeupe. Aliinama. Akasema maneno mengi kwa heshima. Mimi, mtu wa Japani, nilimjibu kwa neno moja nililokuwa nalo. "Arigato," nilisema. "Arigato, arigato." Mama mboga aliacha kukata.

Yule bwana aliona kwamba hatufiki popote. Akatoa kifaa kingine, akaongea ndani yake, akakisogeza karibu na simu. Sauti ya mashine ikatoka kwa Kiswahili cha ajabu, kisicho na pumzi.

"Mama huyu amechoka. Mama huyu ni wa nani?"

"Ni wangu," nilisema. "Mwambie ni wangu."

Kisha akanionyesha mama. Alikuwa ameketi ofisini mwao na kikombe cha chai mkononi, begi la unga katikati ya miguu, viatu amevivua na kuvipanga vizuri mlangoni ingawa nadhani hakuna aliyemwambia. Alikuwa amezunguka jiji la Osaka zaidi ya mara mbili. Stesheni yake ilipofika mara ya kwanza watu walijaa mlangoni, naye aliona aibu kuwasukuma. Akakaa asubiri irudi. Treni ile ikafika mwisho wake, kila mtu akashuka, naye akaingia nyingine iliyosimama upande wa pili. Kila mara kibao chenye jina kilipita kabla hajalilinganisha na herufi za daftari. Mwanamke mmoja aliyepanda na kushuka na kupanda tena, pengine alikuwa akitoka dukani, ndiye aliyemwona mara ya pili kwenye kiti kilekile, akamshika mkono akampeleka ofisini.

"Mum, nimekupigia simu mara arobaini! Kwa nini hukushika?"

Alinitazama kama mtoto aliyeulizwa kwa nini ametii.

"Si uliandika tusiongee na simu ndani ya treni? Watu walikuwa kimya kama wako kanisani. Hiyo simu ilikuwa inatetemeka kwa mkoba, nikaibana na mkono isisikike."

Wale wa stesheni walimwita teksi, wakamwandikia dereva anwani ya hospitali, na mmoja wao akainama mpaka gari likaondoka. Saa za kuona wagonjwa zilikuwa zimepita. Muuguzi wa zamu alimpa dakika tano. Dada alinitumia picha: mkono wa mama juu ya paji la uso wake. Chini yake aliandika, *Amefika.*

Mtoto alizaliwa siku mbili baadaye kwa upasuaji. Msichana. Uzito wake haukufikia ule wa paketi ya sukari ya kilo moja. Alilazwa ndani ya sanduku la kioo lenye joto, mipira puani, mipira mguuni, na kofia iliyofumwa na mtu wa kujitolea asiyemjua.

Mimi nilihamia Ngoingwa kwa muda, kulinda nyumba na kulisha kuku wa mama. Kila siku saa nne asubuhi alinipigia kutoka barazani pa hospitali. Aliongea kwa sauti ya chini kuliko nilivyowahi kumsikia. Alinieleza kwamba ananawa mikono mpaka kwenye viwiko, anavaa gauni la karatasi, anasimama karibu na kioo. Siku ya nne waliwafungulia dirisha dogo la pembeni, akaingiza kidole kimoja.

"Alikishika," alisema. "Anashika kwa nguvu, huyu. Ni wa kwetu."

Aliniuliza maswali pia, na mengi sikuyaweza. Daktari akisema jambo huku anatabasamu, ni habari njema ama ni adabu tu? Akiinama sana kuliko jana, ina maana gani? Muuguzi akimpa maua ya karatasi, anapaswa kurudisha nini? Nilizifungua makala zangu zote nikitafuta. Zilikuwa zimejaa mahekalu na maua ya masika na mahali pa kula usiku. Nilimwambia, "Sijui, mum." Mwanzoni kila nikisema hivyo aliniuliza tena, akidhani nitakumbuka. Baadaye akazoea.

Wiki hiyohiyo mwenye tovuti aliniagiza makala ya mambo ya kufanya Osaka ukiwa na watoto wadogo. Niliiandika kwenye meza ya mama, kuku wakilia uani. Niliandika kuhusu samaki wakubwa wa kutazamwa kwenye vioo, na bustani zisizo na kiingilio. Niliituma kwa wakati. Sina maelezo mazuri ya kwa nini niliituma.

Mtoto aliishi siku kumi na moja. Mapafu yalikataa. Mama aliniambia kwa Kikikuyu, maneno matatu, na simu ikabaki wazi, nikisikia viatu vya watu vikipita kwenye sakafu ya hospitali.

Siku iliyofuata alipiga saa nne, kama kawaida.

"Baba, huku hawaziki."

"Najua, mum."

"Wanachoma. Wamesema ni kesho kutwa, asubuhi na mapema, moto ukiwa bado haujakuwa mkali, kwa sababu ni mdogo sana. Wanataka kitu kibaki. Sasa wewe unawajua hawa watu. Nivae nini? Nisimame wapi? Naruhusiwa kuomba kwa sauti? Dadako hawezi hata kuongea. Niambie nifanye nini."

Nilikuwa ninajua jambo moja tu kuhusu mazishi ya kule, na nilikuwa nimelitumia kwenye makala nyingi kama kionjo cha kufurahisha wasomaji mezani: usimpe mwenzako chakula kutoka vijiti vyako hadi vijiti vyake, maana hivyo ndivyo wanavyopokezana mifupa ya wafu. Niliandika sentensi hiyo sijui mara ngapi. Sikuwahi kusimama nikaifikiria.

"Mum," nilisema, "baada ya moto watawapa vijiti. Mtaokota mifupa, muiweke kwenye chombo. Watu wawili wanaokota pamoja."

"Vijiti vya kula?"

"Si vya kula. Vinafanana tu."

"Mifupa ya mtoto?"

"Ndiyo."

Nilitaka kumwambia kwamba anaweza kukataa, kwamba wangeelewa, lakini sikujua kama ni kweli. Nilitaka kupanda ndege. Nilikuwa sebuleni Ngoingwa na bakuli la mahindi ya kuku magotini.

"Sawa," alisema mwishowe. "Kama ndivyo wanavyofanya, tutafanya."

Walifanya. Dada alikuwa na mshono mbichi, alisimama akishikiliwa na mwenzake wa kazini. Mama aliomba, kwa sauti, kwa Kikikuyu, na wahudumu wakasimama wameinamisha vichwa mpaka akamaliza, ingawa ombi la mama si fupi. Kisha wakapewa vijiti. Aliponisimulia alisema mkono wake haukutetemeka hata kidogo, na hilo lilimshangaza.

"Tulishika pamoja, mimi na yeye," alisema. "Ulikuwa mwembamba kama mwiba wa tilapia. Sikuuangusha."

Alikaa na dada miezi miwili zaidi. Alimpikia uji, akajifunza kutenganisha taka za chupa na za karatasi, akajifunza njia ya kwenda sokoni. Mimi nilimtumia maagizo mapya siku za kwanza, kisha nikaacha, kwa kuwa hakuwa akiyasoma. Dada alirudi kazini. Mama akarudi nyumbani.

Nilimpokea uwanja wa ndege Nairobi. Alitoka amepakata sanduku dogo lililofungwa kwa kitambaa cheupe, mizigo mingine akisukumiwa na mhudumu. Ndani, mtu wa forodha alikuwa amemsimamisha, akamuuliza ni nini hicho. Karatasi ya kibali ilikuwa ya Kijapani na yeye hakuweza kuisoma.

"Nilimwambia ni mjukuu," mama alisema tukitembea kuelekea gari la mchungaji. "Akaniambia, pita, shosho."

Tulifikiri tutamzika wiki hiyo. Haikuwa hivyo. Baba mdogo, ndugu wa marehemu baba, alisema kwenye shamba la ukoo hajawahi kuona majivu yakizikwa, tena ya mtoto asiye na jina la upande wowote, na kwamba tumpe muda aulize wenzake. Hajarudi na jibu. Mchungaji alisema yeye yuko tayari siku yoyote, mahali popote tutakapomwonyesha. Lakini mama mwenyewe ndiye aliyemwambia angoje.

"Mwenye mtoto hajaja," alisema. "Siwezi kumzika mtoto wa mtu na mwenyewe hayuko."

Dada alisema atakuja Krismasi. Krismasi hakupata likizo. Akasema Pasaka. Kisha akatia sahihi mkataba wa mwaka mwingine, na tukipigiana simu tunaongea juu ya hali ya hewa na bei ya mayai. Nimewahi kumuuliza kama anataka nifanye lolote. Alisema, "Kama nini?"

Kuhusu mwenye tovuti, niliacha kumjibu. Sasa nafundisha watu kutumia kompyuta katika duka moja hapa Ruiru, na wanafunzi wangu wengi ni wazee wanaotaka kuongea na watoto wao walio nje.

Jumapili za kawaida nakwenda Ngoingwa baada ya ibada. Juzi nilimkuta mama akifanya usafi wa chumba chake, amefunga leso kiunoni, amepanda juu ya kiti. Sanduku linakaa juu ya kabati la nguo, mbali na dirisha. Alilishusha, akanikabidhi, akaanza kufuta vumbi. Sikuwa nimewahi kulishika. Lilikuwa jepesi kuliko nilivyotazamia, na kitambaa kilikuwa kimefuliwa na kupigwa pasi. Niligeuka nikitafuta mahali pa kuliweka, kitandani au juu ya kiti kingine.

"Usiliweke chini," mama alisema bila kugeuka. "Shika tu. Namalizia hii kona."

Nikasimama katikati ya chumba nimelishika kwa mikono miwili, naye akaendelea kufuta.